Jua, Shahidi wa Fundi Mutawalli

Kairo, Ijumaa, 3 Juni 1994

Mjomba Mutawalli,

Nimefika salama, ila kiti changu cha treni kilikuwa upande wa jua, na shavu moja limeiva. Nakuandikia mapema kabla hujasahau niliyokueleza kule darini, maana nilikuona unahesabu njiwa wa jirani huku mimi nazungumza.

Yapo mabakuli mawili. Yote yana maji niliyoyachota mwenyewe bandarini, mbele ya karakana yako, pale mnaposhusha mashua zikiwa bado zinanuka rangi. Moja liko wazi ili jua lilipige. La pili nimelifunga kwa foili, jua lisilione kabisa. Tafadhali usiweke kioo juu ya lile la wazi kwa kuogopa vumbi. Mwale ninaoutaka ni ule usioonekana, ule uliokuchubua pua tangu ujana wako, na kioo cha kawaida huuzuia. Maji yakishuka chini ya mstari mwekundu, ongeza mpaka kwenye mstari kutoka dumu nililokuachia, yale maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi wala kitu kingine. Kila Alhamisi asubuhi chota kichupa kimoja hapa na kimoja pale, umpe kondakta wa treni ya saa mbili. Mimi nitampokea stesheni.

Umeniuliza mara tatu natafuta nini, na mara tatu ukaniita mchawi. Ni hivi. Rangi unayopaka matumbo ya mashua ina bati lenye mikono mitatu. Kwa mikono hiyo ndipo linapopata nguvu ya kuua kila kinachotaka kung'ang'ania ubao: mwani, chaza, konokono. Sasa, mwale wa jua huikata ile mikono mmoja baada ya mwingine. Ukikatika wa kwanza sumu hupungua, ukikatika wa pili hupungua zaidi, na mwisho hubaki bati tupu, kama la kopo la maharage. Kwamba jua linakata, wakubwa wangu wanajua. Ninachotafuta ni muda gani linachukua katika maji ya kwetu. Shahada yangu yote imekaa juu ya maneno hayo mawili: muda gani.

Mkaza mjomba Hikmat akirudi kutoka kwa dada yake Damanhuri, msalimie sana.

Mpwa wako,
Inshirah


Anfushi, Iskandaria, Alhamisi, 9 Juni

Daktari wetu mtarajiwa, Inshirah binti ya dada yangu,

Vichupa viwili hivyo vinakuja, nimeviviringisha ndani ya fulana yangu ya Idi. Kondakta aliuliza ni dawa ya nini, nikamwambia ni siri ya serikali, akavibeba kwa mikono miwili. Mabakuli yako salama. Joto limeanza, kwa hiyo nimepandisha godoro darini na nalala hatua tano kutoka kwao kama askari wa benki.

Nakuomba ufanye haraka, kwa sababu mambo huku yamechafuka. Unamjua Shalabi muuza chaza. Juzi alisimama katikati ya mkahawa, mbele ya mafundi wote, akasema chaza zake zimekwisha bandarini tangu siku nilipoleta rangi ya bati. Alisema, "Mutawalli, wewe unang'arisha mashua na kuua bahari." Mimi! Mimi niliyewaondolea kazi ya kukwangua magamba kila mwezi! Miaka kumi na tisa wananiita fundi wa mafundi kwa sababu ya rangi hiyo hiyo. Sasa wamepanga kikao Ijumaa ya tarehe 29 Julai, waamue kama rangi ipigwe marufuku Anfushi nzima.

Nikasimama nami. Nikasema, "Binti ya dada yangu ni mtaalamu. Ameniambia jua linaikata sumu mikono. Jua ndilo shahidi wangu. Na likishindwa kuisafisha bahari hii, nitanyoa masharubu yangu hapa hapa, mkipenda mlete na zumari!"

Unayajua masharubu yangu. Babu yako alikufa nayo, mimi nimeyarithi. Lakini nikwambie ukweli, mwanangu, si masharubu yanayoninyima raha. Nimezaliwa mita mia moja kutoka bahari ile. Ikiwa kweli mimi ndiye niliyeitia sumu, sitajua niuweke wapi uso wangu.

Kwa hiyo lisukume jua kidogo.

Mjomba wako,
Fundi Mutawalli


Kairo, Jumatatu, 13 Juni

Mjomba,

Jua halisukumwi. Lakini kaa chini kwanza, kwa sababu majibu yametoka na sijui nicheke au nilie.

Bakuli lililofunikwa: tulianza na mia, imebaki tisini na tisa. Sawa kabisa. Bakuli la wazi: tulianza na mia, imebaki sifuri. Sifuri, Mjomba! Kwa siku sita! Hapa maabara tuna taa inayotoa mwale ule ule peke yake, mkali wa kupofusha, na hata taa hiyo hutoka jasho kabla ya kufika sifuri. Profesa wangu alipandisha miwani, akashusha miwani, kisha akauliza kama Iskandaria ina jua lake binafsi.

Halafu nikapima chumvi. Chumvi nayo ni sifuri. Maji ya bahari, bila chumvi hata ya kutia kwenye yai.

Mjomba, jua linaweza kukata bati mikono. Sijawahi kusikia linakula chumvi. Niambie: kuna mtu ameyagusa maji yale?

Inshirah


Anfushi, Alhamisi, 16 Juni

Daktari,

Sifuri! Nimeisoma barua yako kwa sauti mkahawani, ile sehemu ya sifuri. Shalabi alibaki ameshika mrija wa shisha mdomoni bila kuvuta. Watu watatu wamenilipia chai. Nyumbani nikaisoma tena kwa Hikmat tangu mwanzo mpaka mwisho, akashikwa na kizunguzungu, nadhani kwa fahari, akaenda kulala saa kumi na moja jioni.

Kuhusu chumvi, msiwe wagumu. Nyinyi watu wa Kairo mnaona jua kupitia moshi wa mabasi. La kwetu linakuja likiwa limeoga. Likiweza kula bati, chumvi ni kachumbari tu! Mwambie profesa wako aje alale darini kwangu siku mbili, aone litakavyomfanya kichwa.

Hapana, hakuna mtu aliyeyagusa. Mimi nalala pale pale.

Na hiyo taa yenu, ni kubwa kiasi gani? Nimeitazama Ngome ya Qaitbay, juu pale pana ndoano nzuri. Tukiitundika ikaangaza bandari nzima, Shalabi atakosa la kusema mpaka kiyama.

Vichupa vya juma hili vinakuja ndani ya soksi.

Fundi Mutawalli


Kairo, Jumatatu, 20 Juni

Mjomba,

Hatutundiki taa Qaitbay. Ingewapofusha wavuvi wote kabla haijafika vidole vinne chini ya maji.

Kuhusu kichupa kipya cha bakuli la wazi. Bati: sifuri tena. Chumvi: imerudi! Imerudi kwa kishindo, mara mbili ya bahari. Zaidi ya hayo, maji yananuka ndimu, na chini ya kichupa nimekuta punje moja ya habasoda.

Mjomba, Bahari ya Kati haina habasoda.

Najua nyumba moja tu Anfushi ambako ndimu, chumvi na habasoda hukaa katika mtungi mmoja. Sitaki kumshuku mtu. Lakini nikipeleka majibu haya kwa jopo, nitafukuzwa, na kwa haki.

Inshirah


Anfushi, Jumatano, 22 Juni

Inshirah mwanangu, nuru ya macho yangu,

Barua yako imefika mikononi mwangu kabla ya mjomba wako, nikaifungua, Mungu anisamehe, nikaisoma mara mbili, na sasa imo ndani ya debe la unga ambako yeye hajawahi kutia mkono tangu tuoane. Hajaiona. Naandika mwenyewe kwa mwandiko wangu wa darasa la sita, usiuchambue.

Ni mimi. Nilirudi kutoka Damanhuri usiku, hakuna aliyeniambia kitu, asubuhi napanda kuanika nguo naona bakuli la maji wazi linanuka mwani. Nikasema, masikini Mutawalli ameweka maji ya sadaka kwa ndege, na hata kubadilisha hajui. Wewe umekulia mikononi mwetu, unajua maji yaliyolala wazi hayapewi mtu, hayapewi hata shomoro. Mama yangu alikuwa akimwaga gudulia zima la dirishani kila alfajiri, tena akilisugua, ndipo analijaza upya kwa ajili ya wapita njia. Basi nikamwaga. Nikasugua. Nikajaza ya bomba. Kila siku alfajiri, mwanangu, kwa nia safi na bismillahi. Lile la foili sikuligusa, kwa sababu maji yaliyofunikwa hayana neno.

Mjomba wako aliponisomea ile barua ya chumvi ndipo nilipojua nimemwaga shahada yako kwenye mtaro. Nilijilaza kitandani na viatu. Nikafikiri, kinachokosekana ni chumvi tu, nikatia vijiko viwili vya maji ya achari. Ya habasoda sikuiona, macho yangu si ya zamani.

Nakusihi usimwambie Mutawalli. Ameshatangaza sifuri mkahawani. Akijua kwamba shahidi wake ni mimi na dodoki langu la kusugulia, atanyoa masharubu na kichwa kwa pamoja.

Nimeweka pamoja na barua hii majani ya mzabibu niliyoyajaza wali, kula yangali ya moto. Najua hayatakuwa ya moto.

Mama yako wa pili,
Hikmat


Kairo, Ijumaa, 24 Juni

Mkaza mjomba mpenzi,

Nimecheka mpaka mlinzi wa maabara akaingia na kirungu. Sina kinyongo. Ni kosa langu kuweka maji wazi katika nyumba yako na nisikungoje nikwambie.

Lakini sasa tunaanza upya, na safari hii mlinzi ni wewe. Mjomba nimemwandikia kando kwamba kuna "sababu za kitaalamu", naye anapenda maneno hayo. Achote maji mapya pale pale mbele ya karakana, ayaweke katika mabakuli yale yale mawili. Halafu aongeze kitu cha tatu: ndoo ndefu, chini kabisa aweke tope la bandarini, juu aijaze maji ya bahari, ibaki wazi juani.

Najua utauliza ndoo ni ya nini. Bandari si bakuli. Bakuli lina kina cha kidole. Nataka kujua jua linafika wapi.

Na tafadhali, yeyote akikuta maji yanamtia kinyaa, aende akasugue kitu kingine.

Inshirah


Anfushi, Ijumaa, 1 Julai

Daktari,

Nimetii kwa sababu za kitaalamu. Nimezamia mwenyewe kuchota tope, umri wangu huu, watu wamesimama ukutani wakidhani nimepoteza pete. Tope ni jeusi na linanuka vibaya kuliko ndoa ya Shalabi. Hikmat amekuwa mtu wa ajabu: ameweka kiti karibu na mabakuli, anafukuza njiwa kwa ufagio, na jana alinizuia hata mimi nisipite na kivuli changu. Alisema, "Ondoka, unalikinga jua lenyewe!"

Lakini kwa nini turudie kilichokwisha kujulikana? Sifuri tulishaipata.

Mutawalli


Anfushi, Ijumaa, 22 Julai

Inshirah,

Hii ni barua ya mjomba kwa mpwa, si ya fundi kwa daktari. Kikao ni juma lijalo. Nimeulizwa na kila mtu iko wapi karatasi yako. Shalabi amefika mahali pa kunisalimia kwa adabu, na hilo linanitisha kuliko matusi.

Hikmat anasema ile ndoo yako huenda ikaleta maneno. Anasema nguo za kamba ya juu hukauka, za kamba ya chini zilizofunikwa na shuka hubaki mbichi hata kama ni Julai, na kwamba tope lako ni nguo ya kamba ya chini. Nikamwambia afanye kazi yake.

Nisikilize. Ukiona kuna nusu nzuri na nusu mbaya, niandikie nusu nzuri tu. Sikuombi uongo. Nakuomba ufupi. Mjomba wako ana miaka sitini na mbili, sina kitu kingine ninachojulikana nacho hapa mjini ila rangi ile na masharubu haya.

Mutawalli


Kairo, Jumanne, 26 Julai

Mjomba wangu,

Nimeyapima yote mara tatu, na leo profesa amepima mara ya nne.

Bakuli la wazi, majuma matatu: kutoka mia, imebaki sabini na moja. Na humo ndani nimeikuta ile ya mikono miwili, na hata ya mkono mmoja, ikionyesha kabisa mahali ilipokatwa. Lililofunikwa: tisini na sita. Kwa hiyo ulisema kweli mkahawani, Mjomba. Jua la Anfushi linaikata sumu, na mimi nitaliandika jambo hilo kwa fahari na jina la mtaa wetu litakuwa ndani ya shahada yangu. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza.

Ya pili ni hii. Katika maji ya ndoo, juu, sumu imepungua kidogo sana. Chini kwenye tope hakuna kilichopungua. Hakuna hata mkono mmoja. Mwale ule huishia vidole vichache tu katika maji machafu kama yale ya bandarini, na tope halijaonja jua tangu liwe tope. Sumu iliyo ndani ya tope lile ni mara elfu na zaidi ya ile ya majini, Mjomba. Imelala mle tangu mashua zako za kwanza, na itakaa miaka mingi gizani pamoja na chaza za Shalabi. Hata pale juu, jua likikata mkono mmoja, karakana inashusha mashua nyingine.

Ile sifuri ya Juni haikuwa jua. Usiniulize ilikuwa nini. Ni sababu za kitaalamu.

Umeniomba ufupi. Nimekaa usiku wa jana na kalamu nikijaribu kuandika karatasi ya nusu, na kila nilipofika mwisho nilikuona umezamia kunichotea tope. Siwezi. Nimeandika upande mmoja habari ya jua, upande wa pili habari ya tope, nikatia sahihi chini ya pande zote mbili. Utasoma wewe. Ukisoma upande mmoja tu, mimi sitafungua mdomo, na nitaendelea kukupenda kama kawaida. Lakini mwenzako nitakuwa nimeumia.

Inshirah


Anfushi, Jumapili, 31 Julai

Inshirah mwanangu,

Najua hujalala, kwa hiyo naanza na lenyewe: amesoma.

Balkoni yetu iko juu ya mkahawa, kwa hiyo nilikuwa nimeinama juu ya kamba ya nguo tangu saa tisa, nimeanika shuka moja mara nne. Wamejaa mafundi, wenye mashua, na Shalabi mbele kabisa na kikapu chake kitupu alichokileta makusudi. Mutawalli akasimama akasoma upande wa kwanza kwa sauti kubwa, mikono miwili, mkono mmoja, sabini na moja, Anfushi ndani ya shahada. Watu wakapiga makofi. Hata Shalabi aliinua mabega. Mjomba wako akaikunja karatasi akaitia mfukoni, akakaa, akaagiza chai.

Mwanangu, moyo wangu ulianguka mpaka chini mkahawani. Nilitaka kupiga kelele, "Geuza!" Nikauma ile shuka.

Chai ikaja. Akaikoroga. Aliikoroga mpaka nikadhani glasi itatoboka, na unajua yeye anakunywa bila sukari. Kisha akasimama tena, akaitoa karatasi, akasema, "Kuna na nyuma." Safari hii hakusoma kwa sauti ya mimbari, alisoma kwa sauti yake ya nyumbani, polepole, habari ya tope yote mpaka sahihi yako. Hakuna aliyepiga makofi. Shalabi akamwambia, "Basi kaa, Mutawalli. Masharubu hayarudishi chaza." Mjomba wako akajibu, "Nilikubishia mbele ya watu hawa hawa. Mwite kinyozi."

Hakuna aliyeleta zumari. Shalabi ndiye aliyeshika kioo.

Rangi imepigwa marufuku. Tangu jana yeye ndiye anayewaonyesha vijana ile rangi nyekundu ya shaba ya zamani, wanamlalamikia kwamba watarudi kukwangua kila mwezi, naye anawaambia, "Kwangueni, mna mikono." Jioni alikaa ukutani akatazama maji muda mrefu. Nilimpelekea kahawa, akalia kidogo, na mimi nikalia kidogo, kisha tukala samaki.

Sasa nikupe la pili, hili usimwambie mtu. Nimeishi na mwanamume huyu miaka thelathini na moja na sikuwahi kuuona mdomo wake wa juu. Alikuja nao harusini ukiwa umefunikwa. Kumbe mdomo ule hutetemeka akidanganya! Niligundua kwa bahati: nilimwuliza kama amekula maandazi ya mkahawani wakati daktari amemkataza sukari, akasema la, na mdomo ukachezacheza upande wa kushoto. Nikamwuliza kama anampenda dada yangu wa Damanhuri. Ukacheza pande zote mbili.

Ndipo nikamwuliza lile. Nikamwambia, "Mutawalli, asubuhi zile za Juni nilipokuwa namwaga bakuli la Inshirah, nasugua kwa dodoki na maji yanapiga kelele, na wewe umelala hatua tano. Hukuamka hata siku moja?"

Akasema, "Nilikuwa nimelala fofofo, Hikmat."

Mwanangu, ungeuona mdomo ule.

Tangu hapo anatembea na kiganja usoni kama mwenye jino bovu. Anasema masharubu yataota yote kabla ya Oktoba. Basi nina miezi miwili, na maswali ya miaka thelathini na moja. Kesho naanza na mwaka wa kwanza.

Hikmat